Nilivyomzika Mama Akiwa Rumonge

Mimi ndiye yule. Usijifanye hujasikia, maana Gihosha nzima imesikia, na ukishuka mpaka Buyenzi ukamuuliza kinyozi yeyote nani yule mchora vibao aliyemzika mama yake huku mama mwenyewe yuko Rumonge, mji mwingine kabisa, anakula samaki wa mukeke, atakuelekeza kwangu bila hata kuzima mashine. Kwa hiyo bora nisimulie mwenyewe, maana wanaosimulia wengine wanatia chumvi (kuna mmoja anasema nilisoma na Yasini juu ya majani, uongo mtupu, Yasini sikusoma), na mambo yenyewe bila chumvi yanatosha kumfanya mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu apite njia ya nyuma akienda kununua sabuni.

Kwanza mnielewe mi ni mtu wa namna gani. Mi ni mtu wa kuota, na siongelei ndoto za usingizini, naota nimesimama, juu ya ngazi, brashi mkononi, rangi inadondoka kwenye viatu vya watu. Niliwahi kumwandikia mama mmoja SALON DE COIFFURE kwa herufi kubwa nyekundu nikasahau F moja, akaniuliza F yake nyingine iko wapi, nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa naangalia wingu. Mama yangu, Bi Zaituni, ambaye mtaa wote unamwita Mama Rajabu kwa jina langu, hana wakati wa mawingu, yeye na ufagio wake ndio wanaojuana.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, pale ambapo asubuhi ukisimama kizingitini unauona mji uko chini yako, halafu ziwa, halafu milima ya Kongo, lakini mwisho wa kiangazi vumbi likishakuwa jingi milima haionekani kabisa na ziwa lenyewe unalikisia tu, unaona weupe umetulia huko mbali na hujui maji yanaishia wapi. Nyuma ya nyumba kuna miti mitatu, miwili ya avoka na mmoja wa mapera, na chini ya miti hiyo hapakuwa na kitu. Nikisema hapakuwa na kitu namaanisha hata jani moja. Ulikuwa udongo mtupu, mgumu kama sakafu, kwa sababu Mama ameufagia kila alfajiri baada ya swala kwa miaka thelathini na moja, chwa, chwa, chwa, kiasi kwamba ukimwaga maji pale yanakuangalia kwanza, halafu yanaondoka kwenda kwa jirani. Kwa Mama huo ndio usafi wenyewe, na katika mtaa wetu si yeye peke yake, maana kwetu nyumba ikifiwa hakuna anayegusa ufagio mpaka kilio kimeondolewa, hivyo mpita njia akiona majani yamejaa uwanjani anajua, anavua kofia, anaingia kusema pole. Hilo mlishike, nitawarudisha hapo (mi nililijua tangu utoto, ila kujua na kukumbuka kwangu ni vitu viwili).

Sasa mwaka huu mgongo wa Mama ukakataa. Alikuwa anafagia ameinama vizuri tu, kazi ilikuwa kunyooka, ananyooka kwa vituo, kituo cha kwanza goti, cha pili anashika mti wa avoka, cha tatu anakaa kimya kidogo ili nisimsikie akiguna. Mdogo wake, Mama Mudogo Mwajuma wa Rumonge, akamwambia njoo kwangu, chumba kipo, uwanja wote ni sementi, mti hata mmoja hakuna. Mama akasema ataenda wiki tatu kuangalia. Nilimbebea begi mpaka kwenye taksi, akaniambia maneno ambayo bado nayasikia.

"Rajabu, nikiona ni pazuri nitahamia. Huu uwanja utaniua."

"Na mi?"

"We uko mutu muzima. Fagia kila siku, usiniaibishe mbele ya watu."

Akaenda. Mi nikarudi nikakaa chini ya mti wa avoka mchana kutwa nikauangalia ule udongo kwa chuki, maana ndio uliokuwa unaninyang'anya mama (nimeishi na yeye maisha yangu yote, mke nilimuoa nikaachwa, na sababu ya kuachwa ni zile zile za F ya saluni). Na hapo, katika kuangalia, macho yakaanza kuniletea. Nikaona pale chini ya miti pamefunikwa majani mabichi, fujere, yale makangaga ya msituni, zimekunjua vidole, begonia zinachungulia kati ya mizizi, kivuli kinatembea juu yake taratibu, na Mama yuko kwenye kiti na kikombe cha kahawa, mgongo umeegemea, hafagii, hakuna cha kufagia, jani likianguka linaangukia mimea linapotea. Nikasema basi ni hivyo. Nikipanda chini ya miti, Mama habanduki hapa.

Lakini huwezi kupanda kwenye sakafu, hata mi nilijua hilo, nikabandua kipande cha udongo kwa bisibisi nikakiweka kwenye kifuniko cha kopo la rangi nikashuka nacho barabarani kwa Godeliva. Godeliva anauza miche pale ukingoni mwa mtaro, kwenye makopo na vifuko vyeusi, amevaa kofia ya majani iliyovunjika upande. Ametoka juu milimani, Muramvya, Kiswahili amekiokota sokoni, na katika Kiswahili cha Godeliva hakuna vitu, kuna watu tu. Jembe analala, maji amekwenda, jua amekasirika. Mi nilifundishwa na mwalimu wa madrasa aliyetoka Kigoma, ngeli zote naziweza, lakini nikimsikia Godeliva nazitupa zote mtaroni, naona yeye ndiye anayesema vizuri (na nikiri, hakikuwa Kiswahili chake tu nilichokipenda, ila hilo hamkuniuliza).

Alikibinya kile kipande cha udongo kikakataa kuvunjika. Akakinusa.

"Huyu ni muzee," akasema. "Amechoka. Wamemuchapa sana."

"Ni ufagio."

"Ego, ndiyo, ufagio. Muache apumzike. Majani akianguka, muache amufunike. Jioni mupe maji kidogo kidogo. Akilainika, muchokonoe na uma, apana na jembe, sababu mizizi ya avoka anakaa hapa juu juu, ukimukata mumoja, muti atanuna mwaka muzima. Halafu mutandikie mboji vidole viwili, usizidishe, mufunike tena. Mvua akikuja, njo tutapanda."

Basi hapo ndipo lilipo kosa langu lote, dogo kabisa. Nilirudi nyumbani nikauchukua ufagio wa Mama nikauweka nyuma ya mlango.

Wiki iliyofuata, jamani, sijui niielezeje, ilikuwa wiki tamu kuliko zote za mwaka. Kazi za vibao hazikuwepo. Majani ya avoka yalianza kushuka moja moja, makubwa, yana rangi ya chai, kila moja linachukua muda wake hewani kana kwamba limekumbuka kitu njiani, na mi nilikuwa nakaa pale nayahesabu mpaka nachanganyikiwa naanza upya. Siku ya tatu rangi ya udongo ilikuwa imeshapotea. Siku ya sita nilipiga hatua nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia pale miaka yote, mguu wangu haukutoa sauti. Nilipofunua majani chini kulikuwa na unyevu na mdudu mmoja mwekundu amejikunja, nikafurahi utafikiri nimepata mgeni kutoka Maka. Nikawa naongea nao ule udongo, naongea naye niseme, kwa Kiswahili cha Godeliva, asubuhi namwuliza muzee umeamukaje, jioni namwambia pole muzee kunywa maji, na sikuona ubaya, maana nani ananisikia.

Aliyekuwa ananisikia ni Mama Furaha.

Mama Furaha ni jirani yetu wa ukuta, Mkongomani wa Bukavu, mwimbaji wa kwaya, mwanamke mwema isipokuwa yeye na Mama walikuwa na miaka miwili hawasemezani. Sababu ni tawi la avoka lililokuwa limeinamia kwake na siku moja likakutwa limekatika, Mama akasema limekatwa, Mama Furaha akasema ni upepo, Mama akasema upepo wa Gihosha hauna panga, na salamu zikafa siku ile. Tangu hapo Mama Furaha jina la Mama halitii mdomoni, akilazimika kumtaja anasema "ule muzee wako". Nadhani mmeshaanza kuona tunakokwenda.

Siku ya kumi, Ijumaa asubuhi, niko magotini na uma, nachokonoa kati ya mizizi polepole, kichwa changu kiko kwenye zile fujere ambazo bado hazijapandwa, sauti ikatoka juu ya ukuta.

"Rajabu. Uko unasema na nani hapo? Na muzee?"

Nikajua amenisikia nikiongea na udongo. Nikaona haya kidogo, nikacheka.

"Eee, na muzee."

"Anaendelea aje? Siku mingi sisikii ufagio."

"Amepumzika," nikasema. "Alichoka sana, Mama Furaha. Ufagio njo ulimumaliza."

Mi nikaendelea kuchokonoa, nikadhani ananitazama kwa kupendezwa.

"Toka lini?" Sauti ilikuwa imebadilika, lakini mtu akiwa kwenye fujere hasikii sauti zikibadilika.

"Wiki iliyopita. Nimemufunika na majani kwanza. Sasa niko namutengenezea fasi yake hapa hapa, chini ya muti, kwenye kivuli."

"We mwenyewe? Peke yako?"

"Peke yangu. Sikutaka kusumbua watu."

Nilipoinua kichwa hakuwepo. Nikasema moyoni, leo Mama Furaha kauliza habari za bustani yetu, huenda mambo yao yataisha, nikafurahi nikaenda kuchota mboji.

Yaliyotokea baada ya hapo mi niliyajua baadaye. Mama Furaha alikalia ndoo yake akalia, halafu akashuka mtaa mzima akilia, na kila aliyemwambia alikwenda kuchungulia langoni kwetu akaona majani ya siku kumi yametanda uwanjani mpaka mbele ya nyumba, akapiga kofi paja lake. Wengine walikuwa wameshajiuliza wenyewe. Ikafika kwa Ustadhi Shabani, na hapo haikuwa huzuni tu, ilikuwa ghadhabu, maana Mwislamu wa miaka sitini na tisa amezikwa nyuma ya nyumba bila kuoshwa na watu, bila kuswaliwa, na mtoto wake mchora vibao, kama paka. Mke wa Ustadhi akatafuta namba ya Rumonge ampe pole Mama Mudogo Mwajuma. Simu ikapokelewa, mwenyewe Mwajuma alikuwa anakaanga samaki, akapokea dada yake.

"Pole sana, tumesikia Zaituni wa Gihosha amefariki."

"Zaituni mama yake Rajabu?" akauliza Mama.

"Njo huyo. Mutoto amemuzika mwenyewe, chini ya avoka."

Mama akafikiri kidogo. "Asante kwa kunijulisha," akasema. "Nitakuja kwenye kilio." Akakata simu, akaanza kupanga nguo zake kwenye begi. (Mama Mudogo ananiapia kwamba alikuwa anacheka, Mama anasema hakucheka.)

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi asubuhi hapa kwetu ni kazi za pamoja, watu wote wanatoka na majembe na mapanga kusafisha mitaro na barabara. Mi sikwenda, nilijiambia udongo wangu ni kazi ya pamoja vile vile. Ilipokaribia saa tano nasikia lango, natoka, nakuta wanaume kumi na wengine wanakuja nyuma yao, majembe na sepeto begani, Ustadhi Shabani mbele. Moyo wangu ukajaa. Nikaona kwamba wamemaliza mtaro wakaambiana twendeni tukamsaidie Rajabu, na nakwambia kweli machozi yalinilenga.

"Pole, Rajabu," Ustadhi akasema, uso umekunjamana.

"Nimeshapoa, Ustadhi."

"Hii ni kazi ya Mungu."

"Kabisa," nikasema. "Sisi tunasaidia tu."

Wakatazamana. Ustadhi akaniuliza yuko wapi, nikasema huku nyuma karibuni, lakini nawaomba ndugu zangu, majembe wekeni pembeni, yeye anataka uma tu, na polepole. Muoka mikate wa kona ya chini akakaa chini pale pale kwenye majani bila kutafuta kiti. Nyuma yao wakaanza kuingia wanawake, mikeka, masufuria, mchele, kuni, nikasema moyoni Gihosha ina watu, wamekuja na chakula cha wafanyakazi. Nikawaonyesha mahali. Sasa pale chini ya mti wa avoka mkubwa nilikuwa nimeshatandika mboji na kuifunika majani, na kwa sababu nilikuwa nafuata kivuli cha shina, lile tuta lilikuwa refu na jembamba, urefu wa mtu, na mi sikuwa nimeliona hivyo hata mara moja.

"Umemweka kina gani?" Ustadhi akauliza kwa sauti ndogo.

"Vidole viwili."

"Vidole viwili?"

"Na majani juu. Godeliva alisema ukizidisha, muti atanuna."

"Godeliva ni nani?"

"Yule anayeuza miche. Njo alinifundisha kila kitu."

Ustadhi akasema astaghfirullah mara tatu akaondoa macho yake kwangu. Mi nilikuwa nimeanza kuhisi kuna kitu, kama vile unapoandika kibao na watu chini ya ngazi wanaacha kuongea, unajua umekosea herufi lakini hujui ipi. Ndipo Mama Furaha akapita kati ya wanaume, kitenge kimefungwa kiunoni kama cha mfiwa, akapiga magoti mbele ya tuta langu la mboji, akafumba macho.

"Mama Rajabu," akasema. "Mama Rajabu, nisamehe. Ile tawi ni mi nilikata. Na panga ya bwana yangu. Nilisema ni upepo, upepo gani inabeba panga. Nilikuwa nataka kusema, kila siku nasema kesho, nasikia haya. Mi sina saa mu nyumba. Mi naamukaka na ufagio yako. Miaka yote hii, ata hii miwili hatusemezani, ni we njo uliniamusha niende kusali. Sasa nitaamuka na nini?"

Mama Rajabu, amesema. Mara mbili. Na ndipo herufi zote zikaingia mahali pake kwa mpigo mmoja, muzee, amepumzika, nimemufunika, peke yangu, vidole viwili.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mniamini, maana hapa hakuna anayeniamini. Nilifungua mdomo nikasema "jamani," nikitaka kuwaambia Mama yuko Rumonge, ni mzima, huu ni udongo, na sauti haikutoka. Nilikuwa naliangalia lile tuta. Urefu ule. Majani yale ya rangi ya chai yamelala juu yake, jingine linashuka taratibu linalala juu ya mengine, wanawake wanalia, Mama Furaha amepiga magoti, na mi nikaona. Nikaona ni yeye kweli, nikaona asubuhi isiyo na chwa chwa, kiti kitupu, kikombe. Nilijua yuko Rumonge, nilijua kama ninavyojua jina langu, na bado nililia mbele ya wanaume wote wa Gihosha, nililia kwa sauti, kamasi na kila kitu, mpaka Ustadhi aliyekuwa anataka kunikemea akanishika bega.

Hivyo sikuona lango likifunguliwa. Nilisikia tu kwamba vilio vya upande wa langoni vimekatika, kimoja baada ya kingine, na kwamba sufuria limeanguka. Muoka mikate akasimama akakimbia akaingia jikoni kwetu akafunga mlango. Mama alikuwa anakuja kati ya watu na begi lake mkono mmoja na kidumu cha mawese mkono wa pili, watu wanampisha, hakuna anayemgusa, akafika mpaka nyuma ya Mama Furaha ambaye macho bado kayafumba, akatua kidumu chini, akasikiliza.

"Na ile ndoo ya bluu," Mama Furaha akasema, "iko kwangu."

"Nilijua," Mama akasema. "Endelea."

Sitaeleza ukelele alioupiga Mama Furaha, wameusikia mpaka Kamenge. Alianguka upande, akakalia mboji yangu yote, akamwangalia Mama, akaiangalia miguu yake kama iko inakanyaga chini, halafu akaukumbatia mguu mmoja akakataa kuuachia. Mama akamwacha. Akanigeukia mi na uso wangu wa kamasi, akaangalia majani, siku kumi za majani, watu wote wa mtaa wamesimama juu yake, uwanja wake wa miaka thelathini na moja.

"Rajabu. Nilikuambia nini?"

"Nifagie, Mama."

"Na we umefanya nini?"

"Nilikuwa natayarisha udongo," nikasema. "Nipande chini ya miti. Ili usifagie tena. Ili usihamie."

Ikatoka hivyo, mbele ya kila mtu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka akizuia, akashindwa, na kikapita kicheko pale ambacho nafikiri hakijaisha hadi leo, Ustadhi mwenyewe alijifunika uso kwa kanzu. Mchele ulikuwa umeshabandikwa motoni. Mama akasema chakula cha kilio chake hakitupwi, akafungua kidumu cha mawese, wakala wote kwenye mikeka juu ya majani, na muoka mikate akapewa sahani yake kupitia dirisha la jikoni kwa sababu alikataa kutoka mpaka aone Mama amekula. Tangu siku hiyo mi naitwa Vidole Viwili, na sitegemei jina jingine.

Saa kumi na moja, watu walipokwisha kuondoka, Mama alikaa kizingitini ameegemea ukuta. Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu huko chini, hakuna mji, hakuna ziwa, weupe tu wenye jua ndani yake.

"Rumonge ni pazuri?" nikamwuliza.

"Pazuri sana. Sementi yote, hakuna hata jani."

Nilikuwa nimeshajua jibu, nikaanza kuota namna nyumba itakavyokuwa bila yeye, nikashindwa, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikashindwa kuota.

"Nimemwambia Mwajuma ile chumba aipe mutu mwingine," akasema.

"Sababu ya bustani?"

"Bustani gani? Umefukia majani." Akanyoosha miguu yake. "Rajabu, mi nikifia Rumonge watakuja watu wa Mwajuma, watalia juu ya heshima ya Mwajuma. Hapa nimekuja nimeona mwenyewe nani analia na nani anaangalia sufuria. Nishaliliwa hapa. Mutu haliliwi fasi mbili."

Akauliza bila kuniangalia.

"Na we ulikuwa unalia nini? We si ulijua niko mzima."

"Vumbi, Mama."

"Eee," akasema Mama. "Vumbi."

Mvua ilipokuja tulipanda, mi na Godeliva, na Mama Furaha akashika maji, na fujere zimeshika vizuri isipokuwa pale alipokalia. Lakini mi nimeapa, na ninyi ni mashahidi. Nimerudia ngeli za mwalimu wangu zote, siku hizi udongo unapumzika, jembe linalala, maji yamekwenda, Godeliva mwenyewe ananicheka. Na lile neno "amepumzika" nimelitoa kinywani mwangu kabisa, silitumii kwa udongo wala kwa mzee yeyote aliyelala mchana. Najua iko siku nitalazimika kulisema. Siku hiyo nitauita mtaa mzima kwanza, nyumba kwa nyumba, kabla sijagusa hata uma.